Pumzi ya Mama Maziwa

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Nimeosha vikombe ishirini na kimoja vya waya za kupima ubongo, kila kimoja hakizidi kifungo cha shati, na krimu imegandia ndani kama uji wa jana. Bomba halitoi maji tangu asubuhi. Nimetumia maji yangu ya kunywa. Kazi hii.

Wiki ya tatu Garissa. Wazee wanne wa zawiya tumewamaliza. Kila mmoja ameketi akaleta dhikri yake kimyakimya, na mawimbi ya ubongo yakawa ya mtu aliyetulia, basi. Daktari Matheka hakufurahi. Hakuipakia mashine kwenye basi kutoka Nairobi ili atazame watu waliotulia. Anataka kujua ubongo hufanya nini mtu anapozama mpaka hasikii tena kilicho mbele yake.

Leo wazee wametuletea mwanamke. Mama Dahabo, miaka sitini hivi, anauza maziwa ya ngamia sokoni, na sisi wageni wote wa mji huu twamwita Mama Maziwa. Katika vikao vya wanawake vya kumsifu Mtume na Bibi Fatuma wenzake huimba na kupiga ngoma, naye hukaa katikati akaondoka. Ndivyo walivyosema. Huondoka, mwili akauacha pale pale.

Mwanamke maana yake pazia. Daktari hawezi kumgusa kichwa wala kumwona bila shungi. Tumetundika shuka katikati ya chumba tulichopewa hospitalini. Daktari upande wa mlango na karatasi yake, mimi na mama upande wa dirisha. Mashine iko mpakani. Nikisimama naona pande zote mbili, Daktari anaona kalamu za mashine tu.

Nimemuuliza anafanyaje, niandike. Amepitisha ncha ya garbasari yake, ule mtandio wao mrefu, midomoni, kwa haya nadhani, akasema: "Mimi nafuta bumzi, abaayo. Badaye nakaa kimya."

Nikaandika: Anavuta pumzi, kisha anakaa kimya. Abaayo ni dada kwa Kisomali. Hapa p huwa b na v huwa f. Mlinzi wetu Abdi akisema mfua, najua mvua. Akisema funja, najua vunja. Siku hizi sifikiri hata kidogo, sikio lasikia f, mkono waandika v. Najisifu kwa hilo.


Jumanne, 6 Agosti

Nimeudhika.

Mama Dahabo kaja saa tano, baada ya kumaliza kuuza. Nimemfunga waya zote, na mshipi wa pumzi chini ya kifua. Mshipi huo ni mpira tu. Kifua kikipanda, kalamu ya mwisho inapanda, kikishuka inashuka. Mtoto wa chekechea anaweza kuufunga.

Kapitisha ncha ya nguo midomoni. Katulia. Baada ya dakika mbili kalamu ya mwisho ikalala, ikachora mstari mmoja ulionyooka kama rula. Daktari akasema kutoka nyuma ya pazia: "Sauda, mshipi umelegea."

Nimeukaza. Mstari ule ule. "Umelegea tena."

Miaka kumi na saba nafanya kazi hii. Nimewafunga mishipi watoto wenye kifafa wakinirushia mateke. Leo naambiwa sijui kufunga mpira kwa mama aliyekaa kama jiwe.


Alhamisi, 8 Agosti

Mshipi mpya, kutoka kwenye boksi. Nimeujaribu kwangu kwanza. Unafanya kazi.

Kisha kwake. Kafuta midomo, katulia, kalamu ikalala. Dakika nne nzima. Mawimbi ya kichwa yakaanza kuwa makubwa na ya polepole, makubwa mno, kama ya mtu aliye kwenye usingizi mzito, na macho yake yako wazi yananitazama. Daktari alikuwa anapumua kwa nguvu nyuma ya pazia kuliko mama mwenyewe.

Nikajiambia, amevuta pumzi akaibana. Wazamiaji kwetu pwani hukaa chini dakika tatu. Lakini kuna jambo limenikera. Aliyevuta pumzi akaibana, kifua chake kimejaa, kalamu hubaki juu. Hii imelala chini. Nimeandika pembeni: kalamu chini, kwa nini? Sikumwuliza. Nilikuwa nimemkasirikia Daktari na hasira hainipi nafasi ya kuuliza watu.

Alirudi si kwa sababu yetu. Mpishi wa jikoni, mtu wa Kitui, aliviona vibuyu vyake nje akapiga kelele dirishani: "Mama Maziwa, leo yapo?" Yeye, bila kugeuza shingo, akajibu: "Yabo." Kifua kikapanda. Kalamu ikaruka.

Daktari aligomba ile kelele imemharibia karatasi. Mimi nilikuwa natazama kucha za mama. Zilikuwa na rangi ya zambarau. Zikawa nyekundu taratibu.


Ijumaa, 9 Agosti

Mapumziko. Nimefua. Upepo umenirudishia vumbi lote kwenye nguo.

Nikajikuta nimekaa kitandani mchana kutwa nasikiliza ninavyopumua. Ukianza kusikiliza huwezi kuacha. Ni ujinga.


Jumamosi, 10 Agosti

Niandike kama nilivyoona, nisiongeze wala nisipunguze.

Saa tano na dakika kumi mama kafuta midomo. Saa tano na dakika kumi na mbili kalamu ya pumzi ililala. Mstari. Nilikuwa nimekaa mbele yake, nimemkodolea macho kifuani. Hakuna kilichosogea. Nimeweka hata kioo changu kidogo cha wanja puani kwake. Hakikupata ukungu.

Saa tano na kumi na saba kalamu ya pumzi ikaanza kuchora vilima.

Vidogo. Vya haraka. Juu chini, juu chini, vimepangana vizuri. Kifua cha mama kimya. Nikazima feni. Vikaendelea. Nikamwambia Daktari anyamaze na asiguse meza. Vikaendelea. Nikahesabu kwa saa yangu. Arobaini na mbili kwa dakika.

Mtu mzima hapumui hivyo labda awe amekimbia kutoka Balambala. Nimefanya wodi ya watoto kabla sijaingia kwenye mashine. Najua ni nani anayepumua mara arobaini na mbili kwa dakika akiwa amelala salama. Ni mtoto mchanga.

Nilimwita ili arudi. Nilisema Mama Dahabo, Mama Dahabo, nikamtikisa bega. Wapi. Nikakumbuka yule mpishi. Nikasema, "Mama Maziwa, leo yapo?" Akasema yabo, akavuta pumzi, na vile vidogo vikakatika hapo hapo.

Daktari kasema ni umeme wa jenereta. Namwogopa mtu ambaye kila kitu kwake ni jenereta.


Jumapili, 11 Agosti

Nimeingia kazini peke yangu. Nimefunga mshipi kwenye kiti kitupu. Mstari. Nimefunga kwenye mto. Mstari. Nimefunga kwangu, nikapata pumzi kumi na nane kwa dakika, za mwanamke wa miaka arobaini na nne mwenye mafua. Jenereta ikinguruma muda wote.

Si jenereta.


Jumatatu, 12 Agosti

Dakika nane. Vile vidogo vilianza mapema zaidi, dakika ya nne. Nimemwita mwenyewe bila kumwuliza Daktari, na Daktari hakupenda.

Kisha nikafanya jambo ambalo sikupaswa kulifanya. Alipokuwa anavaa shungi lake aliniuliza zile kalamu zinaandika nini, nami nikamwonyesha karatasi. Hizi za juu ni kichwa chako, nikamwambia. Hii ni moyo. Hii ya mwisho ni pumzi. Nilitaka tu ajue kwamba namheshimu.

Mama Dahabo hajui kusoma. Akaweka kidole kwenye vile vidogo. Akakisogeza polepole, juu chini, juu chini, midomo yake ikifuata. Akafika mwisho, akarudi mwanzo. Mara tatu hivi. Kisha akasema "Ubah," si kwangu.

Akaenda zake. Kasahau kibuyu kimoja mlangoni. Mtu aliyeuza maziwa miaka thelathini hasahau kibuyu.


Jumatano, 14 Agosti

Jana hakuja. Leo nimempelekea kibuyu chake sokoni.

Nilimkuta kwenye safu ya wanawake wa maziwa, wamekaa chini ya makuti na magunia, kila mmoja na vyombo vyake vilivyofukizwa moshi. Maziwa ya Balambala yalikuwa yamefika tu. Nikakaa pembeni nimsubiri amalize. Kila mteja akija, kabla ya kumimina, anachukua kitambaa anapangusa mdomo wa kibuyu. Nje, kisha ndani. Nikamwuliza kwa kuzungumza tu, mbona wapangusa kila mara.

"Lazima kufuta kwanza, abaayo. Maziwa ya jana ikibaki mdomoni, ya leo naharibika."

Akasema hivyo, na alipomaliza mteja wa mwisho akachukua ncha ya garbasari yake, akajipangusa midomo. Nje, kisha ndani.

Niliitazama ile ncha ya nguo.

Kufuta. Si kuvuta. Alisema nafuta na alimaanisha nafuta. Haivuti pumzi. Anaitoa yote, anaipangusa kama tone la jana kwenye mdomo wa chombo. Ndiyo maana kalamu ililala chini. Ndiyo maana kucha. Nami fundi wa lugha za watu nikasahihisha herufi ambayo haikuwa na kosa. Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikuuliza.

Nikamwuliza leo. Hajaficha. Ameniambia pale pale huku akifunga magunia yake.

Zamani, alipokuwa bado na mume na ngamia, walihama kutoka Lafey wakati wa ukame kutafuta maji. Alikuwa na mtoto wa kike, Ubah. Zilibaki siku mbili atimize arobaini yake, mama atoke nje naye kwa ubani na du'a. Walitembea siku nzima. Walipofika alilala akimnyonyesha, amechoka kama maiti. Alipoamka mtoto alikuwa chini ya ubavu wake. "Mimi nilifuta bumzi ya mtoto yangu na usingizi," akasema. Hakulia. Alisema kama anavyosema maziwa yameisha.

Tangu hapo, katika vikao vya wanawake, akiifuta yake, huhisi kitu chepesi mapajani. Hakuwa na hakika. Miaka yote hakuwa na hakika. Mpaka mimi nilipomwonyesha karatasi.

"Mimi nafuta yangu, yake nakuja. Nikifuta mingi, yeye nakaa."

Nikamwambia pumzi hazigawanywi, ni za Mwenyezi Mungu. Akasema wallahi anajua. Akanimiminia kikombe, nikanywa.


Alhamisi, 15 Agosti

Nimemwambia Daktari. Nimeanza na herufi, nikaishia na zambarau ya kucha. Sikumtajia mtoto. Angefunga jalada langu hapo hapo.

Akafungua daftari akanisomea mwandiko wangu mwenyewe. Anavuta pumzi, kisha anakaa kimya. "Uliandika wewe." Nikasema nilikosea. Akacheka, si kwa ubaya: "Herufi moja, Sauda?" Akanionyesha kalamu ya moyo. Moyo unakwenda. Mtu ambaye hapumui, moyo haungekwenda vile. Kwa hiyo anapumua, na mshipi haushiki. Wiki nzima nilinuna juu ya mshipi badala ya kuuliza, na kununa huko sasa kunanisuta.

Jumamosi anataka saa nzima. Nikasema sitamfunga waya. Akasema basi ataazima muuguzi wa wodini amfunge. Huyo muuguzi hajui kucha, hajui kioo, hajui lile neno la kumwita. Nikasema nitamfunga mimi. Heri niwe mimi.

Nimekwenda kwa Mama Dahabo kumsihi akatae. Ndiye aliyekuwa na furaha kuliko wote. Saa nzima. Hajawahi kupata saa nzima, wenzake humtikisa ngoma zikiisha. Kisha akanishika kidole cha shahada, kama wafanyavyo wakitaka ahadi.

"Abaayo, usiniite."

Nikasema sitakuita. Sijui kwa nini. Nadhani nilikuwa naogopa uso wake ukizimika.


Ijumaa, 16 Agosti

Nimeswali. Sikujua niombe nini. Nikiomba arudi, namwombea mwanawe nini?


Jumamosi, 17 Agosti

Naandika alasiri. Mwandiko utasomeka au usisomeke, basi.

Alikuja ameoga, ananukia uvumba. Amevaa nguo mpya, ile ya sikukuu. Nilimfunga waya nikijisikia kama ninamkosha maiti, Mungu anisamehe. Akanitazama akatabasamu. Akafuta midomo. Nje, kisha ndani.

Dakika ya pili, kalamu ikalala.

Dakika ya tatu vile vidogo vikaja. Havikusitasita kama siku nyingine. Vilikuja kama mtu anayejua njia.

Dakika ya sita mawimbi ya kichwa yakatanda karatasi nzima. Daktari alikuwa ananong'ona ajabu, ajabu. Akaniuliza, "Yuko sawa?" Nikasema macho wazi, mwili umetulia. Ni kweli yote. Sikusema uongo. Ndivyo pazia linavyofanya kazi.

Dakika ya tisa kucha. Dakika ya kumi midomo. Kioo kikavu.

Dakika ya kumi na moja nikaona nguo mapajani mwake. Alikuwa amekaa mikono yake miwili imepakatana, kitambaa cha garbasari kimefunika. Kikainuka. Kikashuka. Kidogo tu, kama kitambaa kilichofunika kifaranga. Feni nilikuwa nimeizima na dirisha nimelifunga kwa mkono wangu. Kinainuka, kinashuka. Nikageuza jicho kwenye kalamu. Vilikuwa vinakwenda pamoja.

Ningeweza kunyoosha mkono nikashika. Kilikuwa mbele yangu, umbali wa sahani. Sikunyoosha. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna mtu: niliogopa kitakuwa na joto.

Dakika ya kumi na tatu kalamu ya moyo ikaanza kuachanisha mapigo. Pigo moja. Kimya. Pigo jingine. Daktari sasa aliona. Akaita jina langu. Mapajani kitambaa kikawa kinapanda juu zaidi, pumzi ndefu, nzuri, za mtoto mwenye afya. Nilijua wazi nini kinatoka wapi na kinaingia wapi. Mmoja anashuka ili mwingine apande. Nilikuwa nimeahidi. Nilikuwa nimeshikwa kidole.

Nikasema, "Mama Maziwa." Sauti haikutoka. Nikasema tena, ikatoka ya kusihi, ya mgonjwa, na hakuna anayenunua maziwa kwa sauti ile. Pigo moja. Kimya kirefu. Daktari alikuwa ameshika pazia na hajui alivute ama asilivute.

Nikasimama. Nikaweka mkono kiunoni kama nimetoka ofisini nina haraka na watu wamenizuia njia. Nikapaza sauti ya soko.

"Mama Maziwa, leo yapo?"

Midomo ya zambarau ikafunguka.

"Yabo."

Akavuta pumzi. Hii aliivuta, kwa v yake yote, na ilikuwa na mlio kama gunia linaloburutwa sakafuni. Kitambaa mapajani kikalala.

Alitazama chini muda mrefu. Akainua ncha ya nguo akatazama chini yake, ilikuwa mikono yake tu. Nikamfungua waya. Nilikuwa nalia na krimu inaniteleza vidoleni.

"Umeniita," akasema.

"Nimekuita."

Alichukua vibuyu vyake. Hakusahau hata kimoja.


Jumapili, 18 Agosti

Sijatoka. Nilimwua nani jana, kama niliua? Nilimwokoa nani?


Jumanne, 20 Agosti

Wanawake wa sokoni wamesema hajaja siku tatu. Yuko kwake. Anakula, anaswali, hasemi. Sikuthubutu kwenda.

Daktari amekonda ghafla. Hakulala tangu Jumamosi, yeye pia. Amesema amevunja miiko ya kazi yake na hatamweka mtu yeyote tena nyuma ya shuka asimwone uso. Nimemheshimu kwa hilo. Lakini vile vidogo bado anaviita jenereta. Ameandika pembeni, kwa kalamu nyekundu: hitilafu ya mshipi, usihesabu.

Mashine inarudi Nairobi Ijumaa, nami pamoja nayo.


Alhamisi, 22 Agosti

Nimefunga kila kitu. Vikombe ishirini na kimoja. Waya. Mshipi nimeuviringisha ndani ya kanga na kuufunga mafundo mawili. Sikuujaribu kwanza, ingawa ndiyo kanuni.

Nilichukua daftari nikapitia kurasa zote za Mama Dahabo. Kila nilipoandika anavuta nimefuta v nikaandika f. Mara tisa. Karatasi imetoboka sehemu mbili kwa raba.

Karatasi ya Jumamosi ni ndefu kuliko chumba. Nimekata ukanda mmoja tu chini, dakika ya tatu mpaka ya kumi na tatu, ule alioandika Daktari usihesabiwe. Kama hauhesabiwi, hautakosekana. Nimeukunja mara nyingi mpaka ukawa mdogo kama hirizi.

Saa nne nikaenda sokoni. Alikuwepo. Amekaa mahali pake, amekonda usoni, na vyombo vyake safi. Sikujua niseme nini nikampa ule ukanda mkononi. Akaukunjua mapajani. Akaweka kidole mwanzo, akafuata, juu chini, juu chini, polepole, mkunjo baada ya mkunjo, wateja wamesimama wanasubiri, na hakuna aliyemharakisha. Akafika pale unapokatika. Kidole kikakaa hapo. Kisha akaukunja tena kwa mikunjo ile ile akautia ndani ya nguo, kifuani, upande wa kushoto.

Akachukua kitambaa, akafuta mdomo wa kibuyu, akanimiminia. Midomo yake hakuigusa.

Nikamwambia nasafiri kesho. Akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimegeuka niondoke aliposema, akiwa anamtazama mteja mwingine:

"Kesho kabla ya basi bita hapa. Niite."

Mabasi ya msafara wa polisi yanaondoka saa mbili. Yeye hufika saa moja, nitamwita kwa lile swali la maziwa. Nimeweka kikombe changu juu ya sanduku nisikisahau.